Aina Kumi na Tisa

Kiwanda kimoja, aina kumi na tisa.
Nilizijua zote kwa herufi zao za mwisho:
yenye A, yenye B, yenye B na alama ya kujumlisha,
na ile yenye S, ambayo hakuna aliyewahi kuniambia
S ni ya nini.

Aune Kortesalmi aliingia na theluji mabegani,
akaweka kauntani multimita iliyoungua.
Tundu la ampea lilikuwa jeusi kama jino bovu.
"Mwanagenzi wangu," akasema. "Aliacha waya kwenye ampea,
akaenda kupima umeme wa ukutani."
Jina hakulitaja. Nikamheshimu kwa hilo.

Nikaanza maneno yangu ya kazi:
hii huhesabu hadi elfu mbili, ile hadi elfu sita,
hii husoma joto, ile hunusa umeme bila kugusa waya,
hii huongea na simu yako ukiwa chumba cha pili.
"Wana nini cha kuambiana?" akauliza.

Tofauti ya hii na hii?
Taa ya skrini.
Na hii na hii?
Hii ina taa, haina joto.
Na yenye vyote viwili?
Hiyo fyuzi zake ni nyembamba.
Akanitazama kama mtu anayeuziwa farasi
akaambiwa miguu hulipiwa kando.

Mchagua jembe si mkulima, nikawaza,
na saa ya kufunga duka ilikuwa inakaribia.
Lakini huyu mkulima alikuwa mkulima,
na shamba lake ni nguzo ishirini na moja
za lifti ya watelezaji, juu kule mlimani,
ambako ukivua glavu unahesabu hadi arobaini
kisha vidole vinasahau ni vya nani.

"Zitoe nje," akasema.
"Zote?"
"Tano. Hizo ulizozisifu.
Na hiyo ambayo hukuisifu."

Nje Kemijärvi ilikuwa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Nikazipanga juu ya kizingiti cha dirisha,
kando ya koleo na ndoo ya chumvi,
sita, kama watoto waliofukuzwa darasani.
Tukanywa kahawa. Akanisimulia nguzo ya kumi na saba,
upepo wake, na jinsi boliti zake zinavyolia.
Nusu saa. Miaka tisa nyuma ya kaunta hii
sikuwahi kusikia habari za nguzo.

Ya kwanza iliamka kama mlevi:
tarakimu mpya imefika, ya zamani haijaondoka,
nane imelala juu ya tatu.
Ya pili betri yake ilikuwa imesalimu amri.
Ya simu ilitafuta simu, ikatafuta,
ikatutazama kwa nukta tatu zinazopepesa.
Mbili zikasoma, lakini vifundo vyao vidogo
viliteleza chini ya glavu.

Ikabaki S.
Polepole kidogo, ndiyo, lakini safi.
Kifundo kipana kama mfuniko wa mtungi wa jamu,
kila hatua tak, tak, hata sufi nene inasikia.
Aune akafumba macho, akagusanisha ncha mbili.
Mlio ukatoka kabla sijaona zimegusana.
"Haraka," akasema.
Ndilo neno la sifa pekee alilotamka siku ile.

"S ni ya nini?"
"Sijui," nikasema, na kwa mara ya kwanza
sikuona haya kulisema.

Alinunua mbili.
"Hii ya pili?"
"Ya yule aliyeunguza. Na fyuzi, pakiti nzima."
Akafikiri, mkono kwenye komeo la mlango.
"Pakiti mbili."

Alipoondoka nikafungua katalogi,
jedwali lake refu la alama za ndiyo na hapana,
nikaandika kwa kalamu ya risasi, pembeni mwa S,
pale ambapo kiwanda hakikuacha nafasi:
huamka kwenye baridi.
Kisha nikatoka nje kuzirudisha nyingine ndani.